Ubeti Mmoja wa Bibi

Trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi zilinuka uvundo, na jua la mchana likikolea harufu ile iliingia mpaka kwenye nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa studio ya Mjomba Shomari, chumba kimoja Mwembesongo, alimorekodi nyimbo za harusi huku akiota kutengeneza filamu. Nilikuwa na miaka kumi, na kwangu hapakuwa na mtu mkubwa kumzidi mjini. Siku hizi watu wakimwita mwasisi wa filamu, huwa nacheka peke yangu, kicheko cha uchungu.

Likizo ile nilipelekwa milimani kwa Bibi, mama yake Mjomba. Dada yangu Zena alikuwa amewekwa ndani, ni mwali, na Bibi ndiye aliyekuwa akimfunda. Alasiri, ukungu ukishuka migombani, wanawake walifunga mlango. Wimbo wa kumtoa mwali aliuimba Bibi peke yake, na hakuuimba mbele ya mwanamume wala mtoto. Mjomba alikuwa ameuomba kwa ajili ya filamu yake, Bibi akamkatalia nikisikia: “Shomari, huo ni wa ndani. Siku ukitoka nje, siuimbi tena.” Nami, kwa umbea wangu, nikabandika sikio kwenye ufa wa ukuta wa udongo. Nilishika ubeti wa kwanza. Kabla ya wa pili mama mkubwa alinikuta pale, akanifukuza kwa fimbo.

Niliporudi mjini, Mjomba alinisikia nikiuimba huku nikiosha vyombo. Akanishika mkono. “Mcheza kwao hutunzwa, mpwa wangu. Uimbe, nami nitakutia kwenye filamu.” Wapo wanaonitetea kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ni mwiko, na niliimba nikijua. Kwenye filamu yenyewe sikuonekana hata kisogo.

Filamu ilipotoka, wimbo ukapigwa kila kibanda cha video. Bibi aliusikia sokoni, aliposhuka na tenga lake la ndizi. Alifika kwetu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza, “Ni wewe?” Nikasema ndiyo. Hakunipiga. Alizipanga upya ndizi zake kwenye tenga, akaondoka. Miaka mitatu baadaye nilipowekwa ndani mimi, wanawake waliimba nyimbo nyingine zote, lakini siku ya kunitoa Bibi alikaa kimya. Nilimpigia magoti nikilia. “Bibi, niimbie na mimi.” Akanitazama bila hasira. “Wako ulishajiimbia.” Nikatoka ndani kimya, kama mtu anayekwenda kisimani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Bibi ameshatangulia, na Zena alishamfuata. Mjomba ana tuzo ya kuhifadhi mila, ameitundika sebuleni. Mimi nina studio Kihonda, kubwa kuliko yake ya zamani, haina harufu yoyote, na nimetengeneza nyimbo na filamu ambazo watu wanazijua. Mwezi uliopita alikuja binti mmoja anayetengeneza filamu yake ya kwanza, akanisikilizisha kwenye simu wimbo wa zamani wenye mikwaruzo. Aliniomba niusafishe. Nikausafisha. “Dada, mtoto huyu ana sauti tamu,” akasema. “Sijui tumtafute wapi, atuimbie ubeti wa pili?”

Nikamwambia mtoto huyo hakufundishwa ubeti wa pili.