Alama ya Kristiana Mlangoni kwa Mwalimu

"Mtoto gani huyu, kusoma hajui, kuroga anajua?" Mwalimu Lutengano alifoka. "Leo ndiyo mwisho. Akaamie ndege kwenye ulezi!"

"Kuroga!" Agnesi, mama yake Kristiana, akapiga makofi. "Msomi mzima kutoka Mbeya unakimbia mkaa?"

Mimi nilimsindikiza tu jirani yangu. Nilikaa kwenye dawati, mara ya kwanza maishani. Gumu! Ndiyo maana wasomi wana hasira.

Kristiana hakuwa mjinga. Hadithi zangu alizishika zote, pamoja na uongo uliomo. Ila herufi zilimchezea: zinageuka, zinarukana kama dagaa kwenye ungo. Akifika mwisho wa neno, mwanzo umeshahama. Mwalimu alimtibu kwa fimbo, mpaka fimbo ikakaribia kujua kusoma.

Agnesi alikuwa akiwafulia nguo madaktari wa Kichina wa zahanati. Mmoja wao, ambaye aliwaamkia shikamoo hata mbuzi, akamchorea mtoto alama kwenye majivu: huyu mtu, ana miguu miwili, huu mti, huu mlango. Alama moja, kitu kizima. Hizo zilitulia. Kristiana akazijua nyingi kuliko maharage ya Ufipa yote. Ili asizisahau, akawa anaviandika vitu kwa mkaa: mti kwenye mti, mlango kwenye mlango. Mlango wenyewe wa mwalimu, maana ndio pekee uliopakwa chokaa.

Sasa, watumishi wakihamishiwa huku huwaaga ndugu zao kama wanaokwenda kuzikwa, kwa kuogopa radi zetu za kutumwa. Lutengano kuiona ile alama alfajiri, akateremka mlima na blanketi lake. Naapa, viatu vilimkuta bondeni, Ilemba! Sisi tuliobaki tukamcheka, kisha tukauangalia mlango, tukaogopa. Mzee Modesti akaenda kuutambikia kwa pombe. Pombe ikaisha, alama ikabaki. Mwalimu aliporudi, Kristiana akasema ni yeye, wala hakuulizwa.

"Asome mstari mmoja ubaoni," mwalimu akasema, "abaki."

"Unajua hawezi."

"Basi aende."

"Si umfundishe kama yule Mchina? Neno zima, na picha yake!"

"Mimi nifundishwe kazi na mfua nguo?"

"Fundishwa, mwanangu," nikamwambia. "Ukimfukuza huyu, watu watasema mwalimu wetu anaogopa—"

Mlango ukasukumwa. Kristiana akaingia, sare yake mbichi, ameifua mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

Akaja moja kwa moja kwenye dawati nililokalia, kumbe ni lake, akanigusa bega nisogee, akakaa.