Pampu ya Bafuni kwa Kompyuta ya Murtaza

Sasa naweza kusimulia, lakini siku ile mie, fundi samani mzima wa Keko, nilitamani ardhi ipasuke nizame na randa yangu.

Naanzia kwa Murtaza, maana yote yalikuwa kwa ajili yake. Duka la baba yake lilitazamana na karakana yetu, na kila jioni tulikuwaga tunacheza gemu la magari kwenye kompyuta iliyochemka mpaka ikajizima, tukaahidiana ipo siku tutakuwa na inayopozwa kwa maji. Akahamia Kanada. Miaka tisa nimekaa na hamu naye, sioni aibu kusema, hata padi yake ya kuchezea gemu sikumpa mtu.

Kusikia anakuja kwa wiki moja, nikatengeneza boksi la mninga la kuwekea hiyo kompyuta ya maji, nikapata vifaa vyote, ikabaki pampu. Muuzaji akaniwekea mbili mezani: moja ndogo kama kopo la dawa ya viatu, nyingine ya kusukumia maji ya bafuni.

"Chukua ndogo, braza. Maji ya kompyuta yanazunguka tu, hayapandi kwenye tanki. Na ijaribu kutwa nzima kabla hujawasha kompyuta."

Nikamwona hajui kitu. (Mie naishi Kibamba, maji ya bomba yanakuja kwa matone, pampu isiyo na nguvu kwetu ni pambo.) Nikabeba kubwa. Na kujaribu, nijaribu saa ngapi, vanishi imekauka asubuhi, ndugu zake wamemgawana wiki nzima na mie nimebakiziwa jioni ya mwisho?

Murtaza akaja na mama yake, mafundi wote wakasogea. "Shikamoo mama, kaa hapa mbele uone vizuri," nikasema kwa maringo, nikawasha. Pampu ikanguruma, mpira wa maji ukachomoka, maji niliyoyatia rangi ya bluu yakampiga mama wa watu usoni, mengine yakaingia kwenye kompyuta, ikatoa moshi kidogo na kuzima.

"Mwanangu," mama akauliza, anajifuta kwa mtandio, "hii kompyuta au gari la zimamoto?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Murtaza alicheka mpaka akakaa kwenye maranda, na mie nikacheka nao, ingawa padi yake alikuwa ameshaishika, na hatukucheza hata dakika moja.

Kesho yake akapanda ndege.

Nilirudi kuchukua ile ndogo (muuzaji alitabasamu tu), nikabadilisha vilivyoungua, nikaijaribu siku tatu, haivuji hata tone. Nimeapa sitabishana tena na muuza pampu. Jioni naiwasha, naweka padi mbili mezani, nacheza na moja.