Mama Mizunguko na Koki Iliyovuka Alama

"Mpira wangu wa maji haujawahi kunigomea," anasema Mama Mizunguko, akiupigapiga kama mtu anayemsifia ng'ombe wake wa maziwa. "Andika hivyo hivyo, mwanangu. Usipunguze neno."

Mwandishi wa habari hizi, kamera shingoni, hapunguzi neno. Dakika chache baadaye Mama Mizunguko anakinga glasi kwenye pipa la mwisho, na inajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Ni asubuhi, uani kwake. Muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani yuko njiani. Akiridhika, fundi bomba huyu atajenga mtambo kama huu kwenye wodi ya wazazi, ambako vichanga wanaogeshwa kwa maji yenye tope. Akiyaona haya, atageuzia getini.

Mtambo wenyewe hauna makuu. Maji ya kisima hushuka kutoka pipa la juu, hudondoshewa shabu iliyoyeyushwa, dawa ya kutuamisha tope, kisha hupita kwenye mpira mrefu uliozungushwa nguzoni. Humo chembe za tope hushikana zikawa mabonge, ambayo hutuama kwenye pipa la mwisho. Majirani walipomwona akihangaika na mpira huo, jina likapatikana.

"Shabu imekwisha nguvu," anasema shemeji yake, anayemsaidia kazi.

"Zimekwisha zako. Lete kijiko."

Anakinga maji yanayotoka mpirani. Yamejaa chenga laini kama unga. Anakoroga taratibu, kama anayemkorogea mgonjwa uji. Chenga zinashikana, zinanenepa, zinazama.

"Umeona? Shabu nzima. Maji ndiyo yanakimbia, mabonge yanachanika njiani."

Anapanda kwenye stuli hadi koki ya juu, aliyoiwekea alama kwa rangi ya kucha. Mkono wa koki umevuka alama.

"Shemeji!"

"Shemeji, naapa! Mimi na koki yako wapi na wapi?"

"Basi imejifungua yenyewe, imechoka kukaa."

Mwandishi wa habari hizi anainama na kuandika, kwa bidii isiyo ya kawaida, kwamba chanzo cha hitilafu hakijafahamika.

Koki inarudishwa kwenye alama, pipa la mwisho linamwagwa na kuanza upya. Muuguzi anafika, anapewa kiti, anasubiri huku akitazama saa. Hatimaye anainua glasi juani na kuona vidole vyake upande wa pili.

"Jumatatu njoo upime wodi," anasema.

Mama Mizunguko anacheka hadi anashika nguzo. Huo wa wodini, anasema, utakuwa mkubwa zaidi, na koki yake ataifungia ndani ya kisanduku chenye kufuli. "Nimwone shemeji ataifikiaje."

"Mnamwonea bure mwanangu," sauti ya mama mkwe wake inatoka dirisha la jikoni. "Ni huyo mwenye kamera. Nilimwona juu ya stuli. Eti maji yanatoka kinyonge, picha haitapendeza."

Shemeji anakunja mikono kifuani.

Mama Mizunguko anaisogelea kalamu.

"Andika na hilo, mwanangu. Usipunguze neno."