Siku Popi Alipokubali Kuguswa

Watu wengine wakinusa spiriti hukumbuka sindano. Mimi hukumbuka mbwa. Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu kliniki hapa Voi, nesi akafungua chupa, na papo hapo nikaanza kucheka peke yangu pale kwenye benchi. Nesi akaniangalia. Ningemweleza nini? Tungekaa hapo mpaka jioni. Basi wacha niwaeleze nyinyi.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Maungu, upande wa mashamba. Mbwa wetu aliitwa Popi, jina la mbwa mdogo wa kubebwa, lakini Popi wetu alikuwa na kifua cha fahali. Kazi yake ilikuwa ndovu. Walipotoka porini kuja kwenye mahindi na ndengu zetu, sisi watoto tuligonga madebe, naye akatoka mbio akibweka mpaka wageuke. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila akirudi nilimpa ukoko wa ugali, na vile nilivyojivuna, ungedhani nimefundisha jeshi zima.

Kisha akamuuma Mzee Mwadime. Mzee huyu alikuwa akitangaza mikutano, anapita boma hadi boma akigonga debe. Asubuhi hiyo alifika langoni kwetu, hata hajafungua mdomo, Popi akamrukia mguu. Mzee akapelekwa Voi kudungwa sindano, na kijiji kizima kikasema mbwa ana kichaa. Uamuzi ukatolewa: Jumamosi daktari wa mifugo anakuja uwanjani kuchanja mbwa. Akimpima Popi na kumwona mzima, ataishi. Asipopimika, atauawa hapo hapo. Nililia mpaka chakula kikanishinda. Mama, ambaye kubembeleza hakukuwa kwake, alisema tu, "Umleavyo ndivyo akuavyo," akaendelea kuchambua ndengu.

Jumamosi Popi alitembea nami kwa adabu mpaka tulipoukaribia uwanja. Ghafla akabadilika. Nywele za mgongo zikasimama, mate yakamtoka, watu wakatawanyika. Wanaume wawili wakamfunga kamba, mmoja huku, mmoja kule, na kadiri walivyomvuta ndivyo alivyozidi kuchachamaa. Daktari, mama mmoja mnene mpole kutoka Wundanyi, akasogea, akarudi nyuma.

"Mwanangu," akaniambia, "nisipomgusa siwezi kusema ni mzima. Na hivi alivyo, simgusi."

Mtu mmoja akaenda kutafuta rungu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba Popi hamtazami daktari, wala wale wa kamba. Macho yalikuwa kule kwenye lango la uwanja. Nikageuka na mimi. Mzee Mwadime, bendeji mguuni, alikuwa amesimama akigonga debe, anaita watu walete mbwa wao. Jamani!

"Ni debe!" nikapiga kelele. "Akisikia debe anajua ni ndovu! Mimi ndio nilimfunza!"

Wakacheka. Ati mbwa anajua nini? Nikawaacha na kicheko chao, nikakimbia hadi kwa mzee, nikapiga magoti. "Babu, tafadhali acha kugonga. Watamuua."

Aliniangalia, akauangalia mguu wake, akamwangalia Popi. Kisha akabeba debe lake, akachechemea mpaka pale tulipokuwa, akaliweka chini hatua chache kutoka kwa mbwa, akalikalia.

"Acha aone mwenyewe limenyamaza," akasema. "Na nyinyi, legezeni hizo kamba."

Mama yangu, aliyekuwa ametufuata uwanjani, akavua leso yake, akanipa. Daktari akaniambia nikae chini, nimgeuzie Popi ubavu, nisimkazie macho. Nikakaa kwenye vumbi, nikamfunika kichwa kwa leso, nikamkuna nyuma ya masikio nikiliita jina lake polepole kama nyumbani. Pumzi zikashuka. Mkia ukagusa vumbi mara moja, halafu tena. Daktari akachuchumaa, akanyoosha mgongo wa mkono, Popi akaunusa. Akampapasa shingo, akamwangalia fizi, akamfunua macho taratibu. Spiriti ikanukia, sindano ikaingia, na Popi akapiga mwayo. Mwayo, haki ya Mungu!

"Huyu ni mzima kuliko sisi," daktari akasema, na kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mama yangu, yule yule wa umleavyo. Daktari akawatuliza watu upesi, maana mbwa wengine walikuwa bado kwenye foleni.

Nilirudi nyumbani kichwa juu, na kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii nikiwa shujaa wake. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoanza kumwona Mzee Mwadime. Angetaka Popi auawe, nani angemlaumu? Kidonda hakijapona, naye akatembea kuyaelekea meno yale yale yaliyomuuma, kwa sababu msichana wa miaka tisa alimwambia jambo ambalo uwanja mzima ulilicheka. Yeye peke yake aliniamini. Na mimi, kwa furaha niliyokuwa nayo, nilimpita na mbwa wangu pale alipokaa, nisimwambie hata pole ya mguu.