Ugali wa Mchana wa Dorotea

Dorotea wa Kisesa alikuwa anakula mara moja kwa siku, jioni, basi. Alianza akiwa msichana, mwaka wa njaa, mama yake alipokuwa na unga wa kusonga mara moja tu. Njaa ikaisha, tumbo lake likabaki na mpango uleule. Sasa alikuwa na miaka sabini na kitu, na bado alilima pamba kwa jembe la mkono, mgongo umenyooka, akimwacha nyuma Winnie, mke wa mwanawe, mwenye mtoto mgongoni.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, vijana wa kitongoji walikuwa wanakonda na kufa. Kati ya Pasaka na mavuno walizikwa wanne.

"Winnie, mama mkwe wako anatumia dawa gani?" jirani mmoja aliuliza pale bombani. "Watoto wetu wanakwisha, yeye ndiyo kwanza anakuwa binti!"

"Hali mchana huyo," mwingine akadakia. "Sasa tujiulize anakula nini."

Wakacheka. Sabina, aliyemzika mwanawe juzi, hakucheka. Winnie alijua maneno hayo yanakoishia. Mwaka uliopita, kijiji cha pili, kikongwe mmoja aliitwa mchawi, akakatwa mapanga mlangoni pake.

Alipofika nyumbani hata ndoo hakuitua vizuri.

"Mayu, mama yangu, naomba uwe unakula mchana. Hapa nje, wanaopita wakuone."

"Sina njaa, mwanangu."

"Najua, mama. Kula hivyo hivyo."

Dorotea akanawa mikono.

Ikawa uji asubuhi, michembe ya viazi saa nne, ugali saa saba, mlangoni, uso kwenye njia. "Karibuni tule!" aliwaita wapitao, na wengine wakaja wakamega. Maneno yakapungua. Msimu uliofuata tumbo lilikuwa limemtoka, magoti yanauma, miguu imevimba hadi ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Mjukuu akililia kubebwa, alimpapasa kichwa tu.

"Mama mkwe wako siku hizi anazeeka vizuri," Sabina alisema bombani, akamsaidia Winnie kujitwika ndoo.

Mchana huo Dorotea aliomba, "Leo nipunguzie ugali, mwanangu. Haushuki."

Winnie akaushika mwiko akate nusu. Njiani watu wawili walikuwa wanakuja na majembe begani. Akapakua wote, akamwekea mapajani. Dorotea akaanza kumega polepole, akisubiri wakaribie awakaribishe.