Kamba Yangu ya Homa

Ndugu zangu wa Nyabiondo, leo asubuhi kamba yangu ya homa imetumika kufungia miguu ya kuku.

Mnaijua kamba hiyo ya mgomba. Kila homa inaponiachia, nami nikiweza kuketi, ninapiga fundo moja.

Niliona si haki kumwoa binti wa watu bila kumjulisha hali ya mwili wangu. Basi Jumapili, baada ya ibada, nilimkabidhi mchumba wangu Vumilia kamba yote, nikamwomba kwa heshima aitafakari kabla ya ndoa.

Aliipokea, akaenda nayo kwao. Tangu hapo sikupata usingizi wa maana.

Leo amemletea mama yangu kuku wa zawadi. Nikatazama miguu ya kuku yule, nikaona mafundo yangu yote ya miaka hii.

Nikamwuliza kwa upole kama hilo ndilo jibu.

"Kaka, nilitafuta kamba ya kuku, njo ile ilikuwa karibu," akasema. "Na homa yako naijua zamani. Ukitetemeka mu kanisa, benchi yote inatetemeka."

Mama alicheka hata akaketi chini. Mimi nilikuwa nimechoka mno, hata kukasirika sikuweza.

Vumilia akamfungua kuku, akaipitisha kamba vidoleni.

"Haya mafundo iko malegevu. Unafunga na mikono ya mugonjwa. Tukisha oana, nitafunga miye."

Akaondoka nayo, kuku akabaki bila kamba.

Naomba maoni yenu, ndugu, ila juu ya kuku tu. Juu ya ndoa nimekwisha kujibiwa.