Siku Koko Alipofuta Ubao

Juzi nilisimama njiani Mushaki kununua kipande cha fromaji, ile jibini ya kwetu, na nilipokionja tu, rafiki yangu, nikajikuta nimerudi mwaka wa sita wa shule ya msingi, siku niliyodhani nimemwaibisha koko, nyanya yangu mzaa mama, mbele ya darasa zima.

Tuliishi Karuba, kilimani. Asubuhi nyumba ilinukia moshi na maziwa, na mimi nilikuwa nachota maji huku koko amepakata kibuyu chake, akikisukuma huku na huku. Maziwa yalipigapiga ndani mpaka sauti ikawa nzito. Hapo aliacha. "Masikio njo inajua," alipenda kusema, yaani masikio ndiyo hujua siagi imekuwa tayari, na kweli, sikumwona akikosea hata mara moja.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa mjini, shati lake halijawahi kuona tope. Alitufundisha kwamba kuna vitu vinavyobadilika sura tu, na kuna vinavyogeuka kuwa kitu kingine kabisa. Akagawa ubao pande mbili. Chumvi kuyeyuka majini, kushoto. Kuni kuwa majivu, kulia. Kisha akaandika kulia: maziwa kuwa siagi. Nilipomsimulia koko, alicheka mpaka akakohoa. Alisema mwalimu hajui kitu.

Nami na kimdomo changu, kesho yake nikainua mkono. "Mwalimu, koko anasema hapana."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akakunja uso. "Basi akuje kesho atufundishe. Kama anashindwa, utaomba pardon mbele ya wote."

Kuomba msamaha hakukuniumiza sana. Niliogopa watoto wamcheke koko, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, na kosa liwe langu. Nilimpa habari. Yeye akauliza tu shule inafunguliwa saa ngapi.

Alikuja amevaa kitenge cha kanisani, kibuyu mgongoni na chupa ya maziwa mabichi mkononi. Akakataa kiti, akaketi sakafuni, akampa mwalimu aonje maziwa mabichi, kisha yale ya kibuyuni, yaliyolala siku mbili.

"Hii imekuwa chachu. Utaweza kuirudisha kuwa mabichi?" koko akauliza.

"Hapana, Mama."

"Njo imegeuka hivyo."

Akaanza kutikisa yale machachu. Tulingoja, waliocheka jana wakichekelea chini chini. Sauti ilipokuwa nzito aliacha, akafungua, na siagi ilikuwa imeshikana mabonge mabonge.

"Mwalimu, hii siagi iliingia mu kibuyu saa ngapi?"

Mwalimu aliinama kuchungulia ndani ya kibuyu.

"Ilikuwa mule mule tangu mu ng'ombe. Kulala njo iligeuza maziwa. Kutikisa haigeuze kitu, inatenga tu."

Mwalimu alitazama siagi, akatazama ubao. Kwa alichofanya baadaye namheshimu mpaka leo. Alisema, "Mama, ufute wewe mwenyewe."

Koko alisimama, lakini hakujua neno ni lipi. Nikatoka kwenye dawati, nikamshika mkono, nikauweka juu ya neno siagi. Akafuta kwa kiganja. Mwalimu akaiandika upya kushoto, na kulia akaandika: maziwa kuchacha. Darasa likapiga makofi, na wale wale walionicheka wakagombania kubeba kibuyu. Niliwanyima. Nilipanda nacho mwenyewe hadi Karuba, nikimwambia kila tuliyekutana naye kwamba huyu ni koko yangu na leo amefundisha shuleni.

Koko alishalala kaburini. Vita vilimaliza ng'ombe wa kile kilima, na wamama waliojua kazi ile wametawanyika, wengine wanaishi kwa unga wa maziwa wa kopo. Mimi nafundisha kemia Goma, na ubao wangu naugawa pande mbili vile vile. Siagi naiweka kushoto, kifua mbele. Kisha nageuka kuwatazama watoto, nikitamani hata mmoja ainue mkono aniambie koko yake anasema hapana kwa lolote nililoandika. Wote wameinama, wananakili.